Mashine za loki kwa gitaa la umeme: nimezikubali, ila kwa shida ya tyuni anza na nati

Wadau wa gitaa, niseme hukumu yangu mapema maana najua wengi mnasoma review kama hii hela iko tayari mkononi. Mashine za loki, zile za kukazia nyuzi zinazobana uzi ndani ya mhimili wake, ni kitu kizuri, nimezifunga na sina mpango wa kuzitoa. Ila kama unazinunua kwa sababu gitaa lako halikai kwenye tyuni, subiri kidogo usome mpaka chini habari ya nati (kile kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa), maana kuna uwezekano mkubwa utazifunga, utapenda jinsi zinavyozunguka, utapenda unavyobadilisha nyuzi haraka, halafu ukibendi uzi wa G (kuusukuma pembeni sauti ipande) mara mbili tatu unakuta umeshuka vile vile kama jana.

Gitaa lenyewe ni la umbo la Strat (Stratocaster ya Fender), mashine sita zote upande mmoja, tremolo nyuma (mkono wa kutikisa briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, sauti ishuke au ipande), nyuzi za 10 mpaka 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi). Tatizo lake lilikuwa lile ambalo wapiga solo wengi wanalijua: unatyuni vizuri kabisa, tyuna inawaka kijani nyuzi zote sita, unapiga kodi mbili tatu safi, inakuja solo unabendi G na B kwa nguvu, ukirudi kwenye kodi ya D kitu kimeoza. Sio kwamba imeharibika kabisa, ni ile ya kuudhi tu, G iko chini kidogo na mpiga kinanda anakuangalia. Mashine zilizokuja na gitaa ndo zikalaumiwa kwanza, na hapo ndo watu wengi wanaanzia, kwa hiyo zikaja hizi za loki.

Jina la kampuni naliacha, maana ninachosema hapa ni kuhusu aina ya kitu, na hizi mashine zimetengenezwa na wengi. Sperzel wa Marekani ndo walizifanya zijulikane, Schaller wa Ujerumani wanazo, Gotoh wa Japani wanazo, na chini yao kuna msururu wa za bei nafuu. Nyingi zina kigurudumu kidogo nyuma, unakizungusha kwa vidole na pini inapanda ndani ya mhimili kuubana uzi. Za Gotoh ziitwazo Magnum Lock hazina hicho kigurudumu, zenyewe zinabana ukianza tu kukaza uzi. Zangu ni za kigurudumu.

Kuhusu kufunga, sikiliza vizuri maana hapa ndo watu wanaumia. Kabla hujanunua toa mashine moja kwenye gitaa lako upime tundu. Mashine nyingi za kisasa zinataka tundu la milimita 10, na magitaa mengi yenye mashine za mtindo wa zamani yana tundu dogo kuliko hapo, sasa ukiagiza bila kupima itabidi tundu lipanuliwe, na kupanua tundu kwenye kichwa cha gitaa kwa drili ya kawaida ni njia rahisi ya kupasua rangi au mbao yenyewe, hiyo kazi mpe fundi mwenye kifaa chake. Angalia pia mpangilio: gitaa la sita upande mmoja linataka mashine sita zinazoelekea upande mmoja, la tatu kwa tatu kama Les Paul ya Gibson linataka tatu za kushoto na tatu za kulia, na seti hazibadilishani. Tena nyuma ya kichwa kuna skrubu au pini ya kuzuia mashine isizunguke, na nafasi yake inatofautiana kampuni na kampuni, kwa hiyo linganisha picha ya nyuma ya mashine na matundu uliyonayo.

Zangu ziliingia bila kuchimba kitu. Unaweka mashine kwa nyuma, mbele unaweka washa na ile pete ya kukaza, unabana kwa spana ya 10 taratibu, basi. Usibane kama unafunga gurudumu la gari, mbao ni mbao. Na baada ya wiki kadhaa pitia tena zile pete maana mbao ikishakaa sawa zinalegea kidogo, na pete ikilegea mashine inacheza, mashine ikicheza uzi nao unacheza. Hata kama hununui chochote leo, nenda kashike zile pete za gitaa lako kwa vidole, ukiona inazunguka kwa mkono mtupu umeshapata sababu mojawapo bila kutumia hata shilingi.

Sasa utamu wake. Kubadilisha nyuzi kumekuwa raha. Unaangalia tundu la mhimili lielekee sawa na uzi, unapitisha, unavuta kwa mkono mpaka uzi unyooke, unazungusha kigurudumu kwa vidole viwili, unakata kilichobaki, halafu unakaza. Uzi haujafika hata mzunguko mmoja na tayari uko kwenye sauti. Uzi ukikatika katikati ya shoo unarudi kabla wimbo haujaisha, nasema kweli. Na kwa sababu hakuna yale mazunguko mengi kwenye mhimili, hakuna kitu cha kuendelea kujikaza chenyewe wakati unapiga, hiyo ni faida halisi na ndo sababu nazipenda. Ila kigurudumu kibane kwa vidole tu, usilete plaizi, maana ile pini ukiikandamiza sana kwenye uzi mwembamba wa E ndogo inaujeruhi na utakatikia pale pale.

Mzunguko wa kukaza wenyewe ni mlaini. Hizi zangu ni za 18 kwa 1, maana yake unazungusha kitasa mara 18 mhimili uzunguke mara moja, wakati mashine nyingi za kawaida ni 14 au 15 kwa 1. Unaisikia tofauti pale unapotafuta ile sehemu ya mwisho ya sauti, kidole kinasogea kiasi na tyuna inasogea kidogo tu, huruki kutoka chini mpaka juu.

Kitu ambacho sijakipenda ni uzito. Vile vigurudumu vya nyuma vinaongeza chuma kwenye kichwa, na kwenye gitaa la umbo la Strat hutauhisi sana, ila kwenye SG ya Gibson ambayo shingo yake tayari inapenda kudondoka chini, utahisi mkono wa kushoto unafanya kazi ya kubeba. Kama gitaa lako lina tabia hiyo tafuta zile nyepesi. Na kwa gitaa la kichwa kilichonyooka mtindo wa Fender, tafuta seti ambayo mihimili inapungua urefu kadri unavyoenda kwenye nyuzi nyembamba, maana hapo uzi unashuka vizuri kwenye nati na unaweza hata kuondoa vile vikamatio vidogo vya kushusha uzi, ambavyo navyo vinashika uzi na kuleta shida ya tyuni.

Haya, tuje kwenye suala lenyewe sasa. Je, tyuni imekaa?

Kidogo. Imekuwa nafuu, haijapona. Na sababu yake ukiielewa hutapoteza hela. Hizi mashine zinabana uzi tu, ili uzi usiteleze kwenye mhimili. Gia zake ni gia kama za mashine nyingine yoyote. Na gia ya gitaa imetengenezwa kwa skrubu inayozungusha gurudumu la meno, mpangilio ambao kwa asili yake unakubali kuzungushwa kutoka upande wa kitasa tu, uzi uvute utakavyovuta hauwezi kuizungusha kurudi nyuma. Kwa hiyo ile picha tuliyonayo kichwani kwamba mashine "inaachia" taratibu wakati tunapiga, mara nyingi haipo. Mashine mbovu zipo, ndio, zenye meno yaliyolika, unazungusha kitasa na hakuna kinachotokea halafu ghafla inashika, hizo badilisha bila kufikiria. Ila mashine ya kawaida yenye afya, hata ya bei ya chini, inashikilia. Stratocaster za kwanza kabisa za 1954 zilitoka kiwandani na mashine za Kluson za kawaida, hazina loki yoyote, na zina tremolo juu yake, na watu wamepiga nazo mpaka leo.

Anayesumbua ni nati. Nasema ile nati ya pale shingo inapokutana na kichwa, kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Uzi ukibendi unavutwa, unateleza kidogo sana ndani ya mfereji kutoka upande wa kichwa kuja upande wa vidole. Ukiachia unatakiwa uteleze urudi ulikotoka. Mfereji ukiwa mwembamba au una kingo mbaya uzi haurudi wote, kipande kidogo sana kinabaki upande huu wa kupigia, na kipande hicho ndo uzi umelegea, na sauti imeshuka. Ukitumia tremolo kwenda chini inakuwa kinyume, uzi unalegea unateleza kwenda upande wa kichwa, ukirudi unakwama huko, na sauti inabaki juu. Kwa hiyo mtu akiniambia gitaa lake baada ya kubendi linashuka na baada ya tremolo linapanda, mi hata sihitaji kuliona, hiyo ni nati kwa asilimia kubwa.

Fanya jaribio hili sasa hivi kama gitaa liko karibu, halihitaji chochote zaidi ya tyuna. Tyuni G mpaka isimame katikati kabisa. Bendi uzi freti ya 7 kwa toni nzima, bendi kwa nguvu mara kadhaa kama unavyofanya kwenye solo, achia, piga uzi wazi uangalie. Tuseme umeshuka senti 10 au 15, senti yaani sehemu moja ya mia ya nusu toni. Usishike mashine. Weka kidole kwenye kile kipande cha uzi kilichoko kati ya nati na mashine, kandamiza chini mara moja, achia, piga tena. Kama sauti imepanda imerudi karibu na pale ilipokuwa, umemkamata: uzi ulikuwa umekwama kwenye nati na wewe umeusaidia kurudi. Kama umekandamiza na sauti imebaki chini au imezidi kushuka, basi uzi umelegea mahali pengine, angalia mazunguko kwenye mhimili, angalia briji, au nyuzi ni mpya hazijavutwa bado.

Na kuna dalili ya sikio. Unakaza uzi taratibu, hakuna kinachobadilika, unakaza tena hakuna, halafu unasikia "tink" kwenye nati na tyuna inaruka mpaka juu. Hapo watu wote wanasema mashine mbovu, kwa sababu mkono uko kwenye mashine, lakini ule mlio umetoka kwenye nati, ni uzi uliokuwa umekwama ukaruka kwa pamoja. Ukisikia hiyo usiende dukani kutafuta mashine.

Halafu kwa nini G kila siku? Watu wanauliza hili sana. Kwanza kwenye vichwa vya tatu kwa tatu, D na G zikishapita nati zinakunjwa pembeni kuelekea mashine zake, pembe yao ni kali kuliko za wengine, na ukijumlisha kichwa chenyewe kilivyolala nyuma (Gibson wengi ni kama digrii 17) uzi unakandamizwa kwenye mfereji chini na pembeni kwa pamoja. Ndo maana kampuni ya PRS walichora kichwa chao nyuzi ziende karibu sawa moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Lakini hata kwenye Strat ambayo haina hiyo kona, G ya 17 isiyosokotwa ni nene ukilinganisha na mvuto iliyonao, maana yake imevutwa kidogo sana kuliko B au E ndogo, na uzi uliovutwa kidogo ukirudi pungufu hata kwa kiasi usichokiona kwa macho sauti inasogea sana. E ndogo inaweza kukwama kiasi kile kile na sikio lako lisilalamike. G inakusema.

Basi baada ya jaribio hilo kuonyesha nati, nikajaribu dawa zake, na hizi nazo nazitolea maoni maana zinauzwa.

Penseli. Laini, 2B kwenda juu, unachonga ncha, unapaka ule weusi ndani ya mfereji. Inafanya kazi, nasema bila kusita, hasa kama mfereji umekatwa vizuri na shida ni msuguano tu. Inaisha haraka, ukibadilisha nyuzi unapaka tena, na nati nyeupe inachafuka. Kwa kitu ambacho kiko ndani ya droo tayari siwezi kulalamika.

Mafuta maalum ya nati, yanakuja kwenye kibomba chenye ncha ya sindano. Big Bends wanayo yao inaitwa Nut Sauce na wengine wanazo zao. Hii inakaa muda mrefu kuliko penseli na inafika chini ya mfereji. Kosa ni kuweka nyingi, inakusanya vumbi na uchafu wa nyuzi mpaka inakuwa matope. Tone dogo tu, uzi ukiwa umesogezwa pembeni, halafu rudisha. Weka pia pale uzi unapopita kwenye vikamatio vya kichwani na juu ya vipande vya briji. Ukiniuliza kati ya seti ya mashine za loki na kibomba hiki kidogo kipi kimefanya G yangu itulie zaidi, ni kibomba, tena kwa mbali.

Ila dawa yoyote ya kulainisha haipanui mfereji. Kama gitaa lilitoka kiwandani na nyuzi za 9 na wewe umeweka 11, uzi umebanwa kuta zote mbili na hakuna mafuta yatakayoutoa. Hapo mfereji unatakiwa upanuliwe. Kuna tupa maalum za nati zenye upana wa kila uzi, fundi anazo, na kama ni wewe mwenyewe chukua kipande cha uzi wa zamani chembamba kidogo kuliko huo unaotumia, kizungushie msasa mlaini wa 600 au zaidi, pitisha mbele nyuma taratibu ukifuata mteremko wa kuelekea mashine. Lengo ni kuta za pembeni tu. Ukishuka chini uzi utagonga freti ya kwanza na hapo unanunua nati mpya, kwa hiyo kila baada ya mipito michache rudisha uzi, bonyeza freti ya 3, angalia juu ya freti ya kwanza: panatakiwa pawe na nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi. Ikiisha hiyo nafasi, simama. Mkono wako kama hauna utulivu mpelekee fundi, ni kazi ya muda mfupi kwake.

Nati yenyewe mpya ya kujilainisha ndo kitu cha mwisho kwenye orodha hii na nimeipenda kuliko zote. Graph Tech wanatengeneza TUSQ XL ambayo imechanganywa na Tefloni ndani ya malighafi yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kupaka kitu kila wiki. Inakuja na mifereji imeshakatwa. Shida yake ni kuoanisha: upana wa nati, milimita 42 au 43, unene, nafasi ya nyuzi, tena nati za mtindo wa Fender nyingine chini ni bapa na nyingine zimepinda, ukichukua ya bapa ukaweka kwenye mfereji uliopinda itakaa katikati tu na ncha zote mbili hewani. Karibu kila mara itakuja ndefu kwenda juu na inabidi uisage chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kidogo kidogo, ukijaribu. Gundi tumia tone tu, siku moja itabidi itoke. Baada ya kuiweka, ile "tink" imepotea kabisa, nakaza uzi na tyuna inapanda laini bila kuruka, na nikirudia jaribio la kubendi G inarudi au inakosea kwa senti mbili tatu ambazo ukipiga na wenzako hakuna atakayezisikia.

Wapo wanaopenda nati ya roli badala yake (yenye vigurudumu vidogo uzi upite juu yake), Fender waliwahi kuweka nati ya roli ya Wilkinson kwenye Strat Plus ya 1987, na kuna Floyd Rose ambayo inabana uzi pande zote mbili, kwenye nati na kwenye briji, patent yake ya 1979, na kwa mtu anayepiga tremolo mpaka nyuzi zinaning'inia hakuna kinachoifikia. Lakini hiyo ni kuchonga gitaa, na ukikata uzi mmoja zote zinapanda maana springi zinavuta. Kwa mtu wa kubendi na tremolo ya kiasi sioni haja.

Nyuzi zenyewe zisiachwe. Uzi mpya unajikaza kwenye mhimili na kwenye briji kwa siku ya kwanza, uvute kwa mkono, shika uzi katikati uinue taratibu, tyuni, inua tena, mpaka ukiinua sauti haishuki tena. Ukiruka hatua hii hakuna nati wala mashine itakayokuokoa jukwaani. Na kila mara malizia kwa kupanda, ukipitiliza juu shuka mpaka chini ya sauti halafu panda taratibu mpaka ufike, kwa sababu ukisimama ukiwa unashuka kunabaki ulegevu kidogo kwenye gia na kwenye nati, na ukibendi mara ya kwanza tu ulegevu huo unatoka na sauti inashuka. Uzi wenye kutu tupa, ule uchafu unasugua mfereji kila unapopita.

Kama bado una mashine za kawaida na hutaki kununua, inawezekana kabisa. Pima uzi mpaka mashine ya mbele yake na nusu, kata hapo, utapata mazunguko mawili au matatu kwa nyuzi nene, nyembamba ongeza kidogo, yote yashuke chini kwa mpangilio yasipandane. Mazunguko yaliyopandana yanaendelea kujipanga wakati unapiga na ndo hicho mashine za loki zinakitibu. Ukizungusha vizuri kwa mkono unapata sehemu kubwa ya faida ile ile.

Tremolo kwa kifupi maana ni habari ndefu: skrubu za mbele zisibane bamba la briji, makali yanayoegemea yawe safi, na springi na nyuzi ziwe zimelingana nguvu. Kama huitumii kabisa, kaza springi bamba lilale kwenye mwili wa gitaa na nusu ya shida inakwisha.

Halafu tusichanganye mambo. Kama uzi wazi uko sawa lakini freti ya 12 iko juu au chini, hiyo ni intonesheni, inarekebishwa kwenye briji, ikiwa juu sogeza kile kipande nyuma urefu uongezeke, ikiwa chini sogeza mbele. Mashine haihusiki wala nati. Na kama kodi zinasikika chafu kwenye freti kubwa ndefu huku nyuzi wazi ziko sawa, punguza nguvu ya vidole, kukandamiza sana kunavuta uzi na kuupandisha. Joto nalo, uzi wa chuma ukipata joto unatanuka unashuka, kwa hiyo gitaa likitoka kwenye boksi la baridi likaingia chini ya taa za jukwaa, lipe muda kabla hujaanza kumlaumu mtu.

Sasa nani anunue mashine za loki? Anayebadilisha nyuzi mara kwa mara, anayepiga shoo, na ambaye mashine zake za sasa kweli zimelika. Huyo nunua leo, hutajuta. Ambaye shida yake ni G kushuka baada ya solo, anza na lile jaribio la kidole, kisha penseli, kisha kibomba, kisha fundi apitie mifereji au uweke nati ya kujilainisha, halafu ikibaki hela ndo uje kwenye mashine. Kwa mpangilio huo mashine za loki nazipa nyota nne kati ya tano kama mashine, na mbili kama dawa ya tyuni. Nati ya kujilainisha naipa nne na nusu, ile nusu nimeikata kwa sababu ya usumbufu wa kuisaga.

Ukizifunga, zile mashine za zamani na skrubu zake weka kwenye mfuko mmoja uandike gitaa gani, siku ukitaka kuliuza gitaa mnunuzi wa kweli ataziulizia.